Bao la Mgeni

Mpira, kwangu mimi, unanukia tui la nazi. Wengine ukiwatajia mpira wanakumbuka tope, jasho, nyasi zilizokatwa asubuhi. Miye nakumbuka wali. Nakumbuka moshi wa makumbi jikoni kwetu Bwejuu, nami nimekalishwa juu ya mbuzi nikikuna nazi hata viganja vinawaka, na mama amesimama nyuma yangu akisema, "Kuna, mwanangu, kuna, wageni washafika Paje." Wageni wenyewe walikuwa watoto wa skuli ya kijiji cha jirani, waliokuja kwa miguu kwa njia ya pwani kucheza na watoto wa skuli yetu. Na kwetu mgeni hakuingia mchezoni na njaa. Kwanza alipewa maji ya kunawa, akakaribishwa mkekani, akaletewa sinia la wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akahimizwa "kula, bado hujala" hata akawa hawezi kuinuka, kisha akapewa dafu la kushushia. Ndipo wote, wenyeji na wageni, walipojikokota kwenda ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikamana kama sakafu, na vijiti vya mkandaa vimechomekwa kuwa magoli.

Halafu ilikuja heshima kubwa kuliko zote, ambayo leo nikiwasimulia wajukuu wangu wananicheka hata machozi yanawatoka. Tuliiita bao la mgeni. Mchezo ukishaanza, kabla jasho halijamtoka mtu, wenyeji walimwachia mgeni afunge bao moja. Hapakuwa na aliyetangaza. Beki alikumbuka tu kwamba kamba ya kaptura yake imelegea, akainama kuifunga. Kipa aligeuka kumwamkia mzee aliyekuwa akipita, "Shikamoo, babu," na mzee akaitikia "Marahaba" kwa utulivu kabisa, akijua vizuri kinachotendeka, na mpira ukapita. Ufukwe mzima ukapiga makofi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na nani aliyesema mgeni ashibishwe tumbo kisha anyimwe furaha? Baada ya hapo walicheza kwa adabu, matumbo mbele, mpaka maji yalipoanza kurudi na kuwalowesha vifundo vya miguu, na mechi ikaisha kwa sababu bahari imetaka iishe. Mara nyingi walitoka sare. Baada ya muda sisi nasi tulikwenda kwao, tukalishwa, tukapewa bao letu, tukarudi tumeridhika.

Ulikuwa mpira mtamu, na haukumfaa mtu kitu. Hilo tulikumbushwa mara moja kwa mwaka. Kila kipupwe, skuli zote za upande wetu wa kusini na mashariki ya Unguja zilichagua wachezaji wao bora zikaunda timu moja, ikaitwa Shamba. Skuli za mjini zikaunda yao, ikaitwa Mjini. Lori lilikuja kuwachukua vijana wetu wakacheze Mnazi Mmoja mbele ya umati, na kwa watoto wengi wa pwani yetu ile ndiyo siku pekee waliyouona mji. Na kila mwaka walirudi wamenyamaza ndani ya lori. Sisi tuliokuwa tukingoja barabarani tuliyajua matokeo kwa ule ukimya hata kabla ya kuuliza. Hawakuwa wamefungwa tu, walikuwa wamekung'utwa. Hapo kila mtu mzima alitoa sababu yake. Baba alisema watoto wa mjini wanakula mkate na siagi. Ami yangu alisema ni viatu. Wako waliosema pana hirizi imezikwa chini ya goli, na wako waliosema ndivyo Mungu alivyogawa. Zote zilikuwa sababu nzuri za kumfanya mtu ajilaze kitandani mwake bila ya kujaribu lolote.

Kaka yangu Mcha hakuzipenda. Alikuwa nahodha wa skuli yetu, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na kuyashikilia yale machache kama kaa anavyoshika kwa gando. Mwaka ninaousimulia, miye nikiwa msichana wa kama miaka kumi na miwili, alirudi kutoka Mnazi Mmoja akapita ukumbini bila ya salamu, akenda uani kukaa juu ya kinu kilicholazwa. Nilimfuata na kata ya maji. Alikunywa, kisha akaniambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwengine.

"Mize, unajua tumefungwaje? Tulikuwa tunangoja bao letu."

Nikamwuliza bao gani.

"Letu. La mgeni. Sisi si ndio wageni? Nimeuchukua mpira mwanzo mwanzo, nnakwenda nao golini polepole, nnangoja beki wao ainame. Hakuinama. Kaja kaninyang'anya. Mwenzangu naye akafanywa vile vile. Mpaka tunafahamu kuwa hapana anayetupa kitu, washatufunga, na watu wanapiga kelele, Karibuni! Karibuni shamba!"

Nilicheka. Jamani, nilicheka hata nikakaa chini, maana nilimwona Mcha na urefu wake wote amesimama na mpira mguuni akingoja kukirimiwa. Kisha nikamtazama usoni, kicheko kikanikauka. Alikuwa analia, na Mcha sikumwona akilia hata siku tuliyomzika babu.

Haukupita muda, Mwalimu Pandu, aliyekuwa akiwafundisha mpira pale skuli, akaleta habari iliyotukata maini. Wakubwa wa michezo huko mjini wamechoka. Wamesema mechi ya upande mmoja si mechi, watu wanakuja kucheka, na lori linakula petroli bure. Shamba watapewa kipupwe kimoja tu zaidi. Wakicheza mchezo ule ule, basi, lori halitakuja tena, na Mjini watatafuta wenzao kwengine. Kipupwe hicho ndicho kingekuwa cha mwisho kwa Mcha pale skuli. "Nitakuwa nahodha wa mwisho wa Shamba," alisema. "Watoto watakaokuja watauliza nani aliyeifunga njia ya mjini, wataambiwa Mcha." Maneno yale yalinikaa kifuani kama tonge lililokwama. Sikuwa mchezaji, wala hapana ambaye angeniuliza rai yangu, lakini niliapa kwamba kaka yangu hatabebeshwa mzigo ule.

Mungu akaleta sababu. Khalati yangu, ndugu yake mama, aliyekuwa akikaa Ng'ambo huko mjini, alijifungua, nikapelekwa kumsaidia kuchota maji na kufua winda za mtoto. Nilikwenda kwa nia mbili, moja ya kulea na nyengine ya kuuona huo mkate na siagi. Nyuma ya nyumba ya khalati palikuwa na kiwanja cha vumbi, na kila alasiri watoto wa mtaa ule walikutana na watoto wa mtaa wa pili. Nilisimama mlango wa uani na mtoto begani nikiwatazama. Viatu hawana. Wembamba, mbavu unaziona. Walichokula ni muhogo na mchuzi wa dagaa, na kwa kweli sisi wenye bahari mlangoni tulikula vizuri kuliko wao. Lakini wakishaingia kiwanjani, lo! Ungedhani wanagombania urithi. Hapana aliyempa mwenzake hata nafasi ya kuvuta pumzi. Walisukumana, wakatupiana maneno, na aliyepitwa alizomewa na bibi yake mwenyewe kutoka barazani: "Ee, mjukuu wangu umekuwa mlango wa msikiti, kila mtu anapita!" Mchezo ukisha, wale wale waliotaka kutoana roho walikaa pamoja wakamegeana kashata. Kesho yake mtaa mwengine, kesho kutwa mwengine tena. Aliyefungwa alikwenda kuitafuta dawa ya kufungwa kwake, akarudi nayo, na yule aliyemfunga ikambidi atafute kubwa zaidi. Hapo nikafahamu. Watoto wale hawakuzaliwa na kitu ambacho Mcha hakuzaliwa nacho. Walikuwa wananoana wao kwa wao kila siku, na sisi huko kwetu tulikuwa tunapakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Niliporudi nilimweleza Mcha yote, nikamaliza kwa kusema, basi tusitoe bao la mgeni tena. Akatikisa kichwa. "Sisi peke yetu? Tukimkaza mgeni hatakuja tena, tutacheza na nani, na kaa? Na Shamba si skuli yetu tu. Hata sisi tukiwa hodari vipi, tutakwenda Mnazi Mmoja na wenzetu wanaongoja beki ainame." Alisema kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ilibidi pwani yote igeuke pamoja. Mcha akamwendea Mwalimu Pandu, na Mwalimu akapanda baiskeli yake akenda skuli hadi skuli kuwashawishi walimu wenzake: bao la mgeni liondoke, chakula kiliwe baada ya mechi, na kila skuli icheze na jirani zake kila wiki badala ya kungoja sikukuu. Walimu wote wakakubali. Mwalimu akarudi anapiga mluzi, anadhani kazi imekwisha. Maskini, hakukumbuka kwamba chakula si mali ya walimu.

Mechi ya kwanza ya utaratibu mpya ilikuwa Mkadini, kijiji cha kusini yetu. Akina mama wa huko hawakuambiwa kitu. Bi Kazija, aliyekuwa mkubwa wa jiko lao na wa mambo yao mengi mengine, alikuwa ameamka mapema kupika. Vijana wetu wakafika, wakakaribishwa mkekani, sinia likaja linafuka moshi, na Mcha akaweka mkono kifuani akasema kwa adabu zake zote, "Ahsante, mama. Tutakula baadaye." Nyinyi mnaosoma leo mtaona hapana neno hapo. Kwetu, mtu aliyetembea njia ndefu akikikataa chakula ulichomwekea mbele yake, ana maana moja tu, na kila mtu anaijua. Bi Kazija alisimama na upawa mkononi. "Chakula changu kina nini?" aliuliza. "Nakuulizeni, kina nini? Nimekitia dawa? Miye mchawi?" Mwalimu Pandu alijaribu kueleza habari ya mbio na tumbo, akazidi kuharibu. Bi Kazija akamega tonge katika lile sinia, akalila mbele yao wote wamwone, akatafuna taratibu, akameza. Kisha akalibeba sinia akenda kuwamwagia kuku. Mechi haikuchezwa. Vijana wetu walirudi na njaa, na habari ikafika kijijini kabla yao.

Tangu siku ile sisi na Mkadini tukawa hatusemezani. Skuli nyengine ziliposikia ziliingiwa na hofu, kila moja ikarudi kwenye sinia lake na bao lake la mgeni, maana hapana mwalimu aliyetaka kuwa sababu ya mama wa watu kujiita mchawi. Mama yangu, Bi Riziki, alikasirika kuliko wote, na hasira yake aliielekeza kwetu. "Mmenivunjia uso wangu," alimwambia Mcha. "Kazija nimekua naye. Leo mtoto wangu mimi akakikatae chakula chake! Kwa ajili ya mpira!" Mcha akainamisha kichwa. Siku zikapita hivyo, kipupwe kinakaribia, na yeye anakwenda ufukweni peke yake kupiga mpira kwenye jahazi bovu lililopinduliwa, unamrudia, anapiga tena. Nilikuwa nikimtazama na moyo unaniuma, na huku najisemea, haiwezekani, ipo njia.

Asubuhi moja nikiwa juu ya mbuzi yangu, mama alifungua sanduku lake kuzianika kanga za ngoma, likanijia neno. Sharti niwaeleze kwanza habari ya ngoma. Wanawake wa kijiji chetu walikuwa na kikundi chao cha ngoma na wa Mkadini walikuwa na chao, na mkubwa wa chetu alikuwa mama, na wa chao Bi Kazija. Walipokutana, aa, heshima iliwekwa kando. Nguo walishindana, sauti walishindana, nyimbo walitungiana za kuchoma hadi mfupani. Bi Kazija aliwahi kumtungia mama wimbo juu ya jino lake lililong'oka, na mama akamjibu kwa wimbo juu ya mume wa Bi Kazija na punda wake, ukaimbwa pwani nzima hata na watoto. Hawakuoneana haya hata kidogo. Na walipomaliza ndipo walipokaa kula, sinia moja, wanachekana. Ngoma za wanawake wa pwani yetu zilialikwa mpaka harusi za mjini, na huko hapana mtu aliyepata kuzizomea.

"Mama," nikamwambia, "ngoma ya Mkadini ikija hapa, mnawapa wimbo wa mgeni?"

"Wimbo wa mgeni ndio nini?"

"Mnawanyamazia kidogo mwanzoni, ili washinde."

Mama alinigeukia kana kwamba nimemtukana. "Ninyamaze! Nimnyamazie Kazija! Si atanidharau mpaka kaburini?"

"Na mnakula kabla au baada?"

"Baada, bila shaka. Utachezaje na tumbo limejaa, hata pumzi huna..." Akakoma hapo hapo, kanga mkononi. Alinitazama, akatazama uani alikokuwa Mcha, akanitazama tena. "Wewe mtoto, wewe," alisema. Kisha akaikunja ile kanga. "Inuka, uvae. Tunakwenda Mkadini."

Tulimkuta Bi Kazija anapepeta mchele. "Shikamoo, Bi Kazija," nikasema. "Marahaba," akajibu, kwani shikamoo ya mtoto haikataliwi, lakini hakumtazama mama. Mama akakaa bila ya kukaribishwa. Palikuwa na sahani ya kiporo cha wali wa jana imefunikwa kwa kawa. Akalifunua, akaivuta sahani, akala. Aliula wote, punje kwa punje, akalamba na vidole. Ndiyo ilikuwa kuomba radhi kwake, na Bi Kazija aliielewa, nikaona mabega yake yanashuka. Kisha mama akanisukuma mbele. "Mize, sema." Nikasema. Nilisema ya Ng'ambo, nikasema ya ngoma, nikasema ya lori ambalo halitakuja tena, na nilipofika kwa Mcha aliyesimama Mnazi Mmoja akingoja beki ainame, ungo ulianza kutikisika. Bi Kazija alikuwa anacheka na hataki tumwone. "Wakangoja!" alisema akijifuta macho. "Masikini watoto wetu, wakangoja!" Ghafla uso ukabadilika. "Na hao watu wa mjini wakawazomea?" Mama akasema waliwazomea. "Karibuni, wakawaambia?" Ndiyo. Bi Kazija akaweka ungo chini. "Riziki, nletee vijana wako. Watapigwa hapa mpaka waisahau njia ya kwao, halafu watakula. Na atakayekataa kula baada ya kupigwa, huyo ndiye nitakayemtia dawa kweli."

Neno la Bi Kazija lilikwenda pwani nzima kwa midomo ya wanawake, upesi kuliko baiskeli ya Mwalimu Pandu. Walipokubali wenye vyungu, kila kitu kikawa. Msidhani lakini ilikuwa tamu. Mara ya kwanza kufungwa kwetu, nyumbani petu, na wageni, wazee waliondoka ufukweni kimya kimya kama watu waliotoka mazikoni, na kipa wetu akasema hachezi tena maishani mwake. Mama aliwapakulia waliotufunga minofu yote mizuri, "Kuleni, wanangu, mmefanya kazi," huku meno yameumana. Wiki iliyofuata tukaenda kwao kulipiza. Mkadini walitufundisha kukimbia, sisi tukawafundisha kupiga mbali. Kijiji kimoja kilichokuwa hakijulikani kwa lolote kikaleta kijana mfupi, Vuai, aliyekuwa akipita chini ya makwapa ya watu, na kila skuli ikalazimika kutafuta namna ya kumzuia. Maji yakiwa yamejaa, walicheza juu ya ardhi ya mawe nyuma ya vijiji, wakatoka wamechunika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyaosha magoti ya Mcha kwa maji ya chumvi. "Tia," alikuwa akiniambia, macho ameyafumba. "Tia tu." Mcheza kwao hutunzwa, husema wenyewe, na sisi miezi ile tulitunzwa kwa kipigo, na tulikuwa tunakiomba.

Kipupwe kikafika, na lori likaja. Nyuma yake, safari hii, lilifuata lori la nazi lililokuwa likielekea Darajani, nasi tukapanda juu ya nazi zenyewe, akina mama wa vijiji vyote, mabuibui na masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa. Tulikaa pembeni mwa uwanja chini ya mivinje. Umati ulikuwa mkubwa na umekuja kucheka, na vijana wetu walipoingia tu, kelele zikaanza, "Karibuni! Karibuni shamba!" Mama alinishika mkono akaubana hata ukauma, na sikuuvuta. Nilimtazama Mcha. Alikuwa anatazama chini, anazikanyaga nyasi kama anayepima kina cha maji.

Filimbi ikalia, na kabla watu hawajakaa vizuri Vuai akapita chini ya kwapa la mtu, akampa Mcha, na Mcha hakungoja mtu ainame. Bao! Kisha mtu mmoja mwenye sauti nene, sijui habari zetu alizipata wapi, akapiga ukelele, "Hilo bao la mgeni! Tumewapa!" Watu wakaangua kicheko, ikawa wimbo, tumewapa, tumewapa. Nakwambieni, kufungwa kusingeniuma vile. Bao la haki, bao la magoti yaliyochunika, wakaligeuza sadaka. Mjini wakasawazisha, kwa ufundi, sikatai, na wimbo ukazidi. Mapumziko yakaja yakapita. Vijana wetu walianguka wakainuka, mpira uligonga mwamba wa goli letu nikafumba macho, lakini kila nilipoyafumbua niliona jambo ambalo miaka yote halijaonekana: watu wa Mjini walikuwa wanahema, na wa Shamba walikuwa bado wanakimbia. Mchezo ulikuwa karibu na mwisho Mcha alipoupata mpira mbali, na aliyesimama mbele yake alikuwa beki yule yule wa mwaka uliopita. Mcha akamwendea polepole, polepole sana, kama siku ile, kama mtu anayengoja kukirimiwa. Beki akatabasamu, akaja kuchukua chake. Mcha akaupitisha mpira katikati ya miguu yake, akampita, akafunga.

Uwanja ulitulia hata nikaisikia mivinje. Bi Kazija wa Mkadini akasimama na buibui lake, akatoa ile sauti iliyolitungia wimbo jino la mama yangu: "Na hilo jengine, nani kawapa?"

Mchezo ukaishia hapo hapo, mbili kwa moja. Mama alikuwa analia, Bi Kazija analia, Mwalimu Pandu amekaa chini amejishika kichwa, na mimi nilikuwa napiga vigelegele hata sauti ikapotea kwa siku kadhaa. Halafu masufuria yakafunguliwa. Wali ulikuwa umepoa, lakini lile tui lilinukia uwanja mzima, na Bi Kazija akawaita vijana wa Mjini kwa mkono. Walisita. Yule beki ndiye aliyekuja kwanza, akanawa, akakaa sinia moja na Mcha, nikamsikia anamwuliza kule kwenu mnafanya mazoezi wapi, nasi tuje. Lori lilikuja mwaka uliofuata, na uliofuata. Iko miaka tuliyofungwa na iko tuliyoshinda, lakini lile neno la Karibuni halikusikika tena kwa maana ile.

Leo nakaa Amani kwa mwanangu, karibu na uwanja mkubwa, na siku za mechi makelele yanaingia mpaka chumbani kwangu. Mcha ametangulia mbele ya haki, na Bi Kazija, na mama. Ufukwe tuliochezea umepangwa viti vya wageni wanaolipia kila kitu, mpaka kivuli. Mjukuu wangu Ame hurudi amenuna kila timu zetu zinapotolewa na timu za nchi za mbali, na sababu anazo: wenzetu wana fedha, wana nyasi, wana viatu, wanakula vizuri. Mkate na siagi, najisemea moyoni. Sikatai, fedha ni fedha. Lakini humwuliza, na humu humu kwetu, wiki hadi wiki, nani anamtoa jasho nani? Hunijibu kwamba mambo ya siku hizi siyajui. Labda. Ninachokiona mimi ni kwamba ukarimu wa zamani umepungua na ulegevu wake umebaki, na mimi ningependa iwe kinyume chake.

Juzi Ame na wenzake waliwaalika watoto wa mtaa mwengine kucheza kiwanja cha nyuma ya nyumba. Nikapika wali wa nazi, kwani mgeni ni mgeni. Katikati ya mchezo Ame akaja jikoni anahema, kaptura imejaa vumbi, na nilikwishasikia kutoka barazani kwamba yeye na wenzake wanafungwa. "Bibi," akasema kwa sauti ya huruma, "wageni masikini wana njaa, wametoka mbali. Tule kwanza, mechi tutamaliza baadaye." Nyuma yake, mlangoni, wale wageni walikuwa wamesimama wananusa tui, na yeye hakuweza hata kunitazama usoni. Nikarudisha kifuniko juu ya sufuria.

"Bado haujaiva," nikamwambia. Ulikuwa umeiva zamani.